Maji ya Mlimani na Watu wa Bondeni

Mimi ni mwalimu hapa Pugu. Kila asubuhi niendapo shule huvuka kijito chembamba, ambacho wakati wa kiangazi mtoto aweza kukiruka asiloweshe mguu. Kijito hicho huingia katika Mto Msimbazi, nao huanza katika vilima vyetu vya Pugu na Kisarawe, hushuka kupita Vingunguti na Kigogo, hata ufike Jangwani, kisha humwaga maji yake baharini penye Daraja la Salander. Ni mto mfupi, yapata kilometa 35 tu. Lakini mvua zifikapo, watu wa Dar es Salaam hulitaja jina lake kwa hofu.

Mwezi wa Desemba 2011 ilinyesha mvua kubwa mno, na watu wapatao 40 walikufa mjini. Kaka yangu alikuwa amepanga chumba Jangwani. Yeye na mkewe na mtoto wao walikaa usiku kucha juu ya paa la bati, wakisikia vyombo vyao vikigongana chini ndani ya maji. Baadaye serikali iliwapa wengi waliofikwa na msiba huo viwanja Mabwepande. Kaka yangu alikuja kwetu Pugu na nguo alizovaa, basi.

Miaka ikapita, nami nikaanza kujenga nyumba yangu. Nalinunua mchanga kwa vijana waliouchimba katika kijito kile kile, maana ulikuwa karibu na bei yake nafuu. Siku moja kaka yangu alikuja kutazama kazi. Akainama, akateka mchanga kwa kiganja, akaniuliza, “Mdogo wangu, huu umetoka wapi?” Nikamwonyesha. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, “Kumbe tulikaa juu ya bati kwa ajili ya nyumba kama hii.” Nalitahayari, nisiwe na la kumjibu.

Alisema kweli. Mchanga ukichimbwa, kingo hubomoka. Miti ikikatwa kwa mkaa, ardhi haiwezi kunywa mvua kama zamani. Udongo wetu huchukuliwa na maji, ukatuama kule bondeni ambako mto huenda polepole. Tena takataka tunazozitupa humo huziba njia. Mkondo ukisha kujaa, maji hayana budi kupanda nyumbani mwa watu.

Katika kusoma nimekuta habari za Wayunani wa kale, waliojenga mji wa ugenini kusini ya Italia, jina lake Sybaris, kati ya mito miwili. Mwaka 510 kabla ya Kristo walishindwa vitani na jirani zao wa Kroton, na waandishi wa kale husimulia ya kuwa washindi hao waliugeuza mto Crathis upite juu ya mji, wauangamize. Magofu yake yalifukiwa na matope, hata wataalamu wakayafukua; na mwezi wa Januari 2013 mto ule ule ulifurika, ukayafunika tena.

Watu wa Kroton walifanya hivyo kwa uadui. Sisi wa Pugu hatuna vita na watu wa Jangwani. Huko wako ndugu zetu. Walakini mwenye kufurikiwa hawezi kupambanua maji ya adui na maji ya ndugu.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia ilikubali kuikopesha serikali dola milioni 200 kwa ajili ya kulitengeneza bonde la Msimbazi. Kazi hiyo ni ya lazima. Lakini hata mkondo ukichimbwa vizuri namna gani, utajaa tena ikiwa udongo wa mlimani hauna kinga.

Nyumba yangu imekwisha, na mchanga ule siwezi kuurudisha. Nililoweza ni kuwachukua wanafunzi wangu mpaka kijitoni, tukapanda mianzi ukingoni. Mtoto mmoja aliniuliza, “Mwalimu, maji haya huenda kwa nani?” Nikamwambia, “Huenda kwa baba yako mkubwa, na kwa shangazi yako.” Wahenga walisema, maji hufuata mkondo, nasi wa Pugu tukumbuke kwamba mkondo huu huanzia mlangoni petu.