Barua kutoka Nykøbing: Kidole cha Chuma na Nyuzi 45

Shemeji,

Nipo Nykøbing Falster, kusini mwa Denmark. Habari za baridi tuziache, nimezilalamikia kwenye simu mpaka dada kachoka kunisikiliza. Nakuandikia juu ya mtambo mmoja tu, maana kila nilipoutazama nilikuona wewe na chaki yako, ukihangaika na kidato cha tano.

Ukivuka mlango wa bahari wa Guldborgsund kuingia upande wa Lolland, unafika Middelaldercentret, makumbusho ya wazi yaliyojengwa kama mji mdogo wa mwanzoni mwa miaka ya 1400. Kuna wahunzi, kuna moshi wa kuni, kuna watu waliovaa sufu juani. Hayo niliyapita upesi. Nilikuja kwa ajili ya trebushe, mtambo wa kurushia mawe wa enzi za kuzingira ngome. Wa hapa ulijengwa mwaka 1989, miongoni mwa ya kwanza kufufuliwa katika zama zetu.

Boriti ndefu inalala juu ya mhimili. Upande mfupi unabeba sanduku zito, upande mrefu una kombeo. Kamba moja ya kombeo imefungwa kwenye boriti. Ya pili ina pete, na pete imevikwa tu kwenye kidole cha chuma kilichochomoza nchani. Sanduku linaporomoka, boriti inapaa, kombeo linaipita boriti kwa kasi, pete inateleza, jiwe limekwenda!

Sasa sogea karibu na hicho kidole. Kikinyooshwa, pete huchomoka mapema na jiwe hupaa juu sana. Kikikunjwa kidogo kuelekea mbele, pete huchelewa na jiwe hutoka chini chini. Uzito wote ule, mbao zote zile, halafu masafa yanaamuliwa na kipande cha chuma kinachoenea kiganjani. Nilicheka peke yangu.

Nikapiga hesabu nyuma ya tiketi. Jiwe likitoka kwa mita 40 kwa sekunde, tukisahau upinzani wa hewa na kimo cha mtambo, nyuzi 45 zinalifikisha kama mita 163. Nyuzi 30 na nyuzi 60 zote zinaishia kwenye mita 141. Lakini la nyuzi 30 linafika baada ya sekunde 4 hivi na linapanda kama mita 20 tu, linafaa kugonga ukuta. La nyuzi 60 linakaa hewani sekunde 7, linapanda mita 61, kisha linashukia mapaa ya watu waliojificha nyuma ya ukuta huohuo. Kwa hiyo mzingiraji hakutafuta umbali tu.

Jambo jingine wanafunzi wako huwa hawaambiwi: nyuzi 45 zina huruma. Ukikosea kwa nyuzi 5 hapo, unapoteza mita mbili na nusu. Ukikosea kwa kiasi hichohicho kwenye nyuzi 20, jiwe linahama kwa mita 20 au zaidi. Na kwa kuwa jiwe huachiwa juu ya ardhi, pembe bora hushuka kidogo: kwa kimo cha mita 10 na kasi ileile, ni kama nyuzi 43.

Ila fomula niliyotumia inadhani kasi haibadiliki, na mtambo haujui hilo. Ukikunja kidole umebadilisha pembe na wakati wa kuachia kwa pamoja, na kila wakati kombeo lina kasi yake. Ndiyo maana mafundi hurusha, hutazama, hukunja, hurusha tena. Mfalme Edward I wa Uingereza aliizingira ngome ya Stirling, Uskoti, kwa Warwolf, trebushe yake kubwa, mwaka 1304. Mwanahisabati Tartaglia aliandika kwamba nyuzi 45 ndizo zinazofikisha mbali zaidi mwaka 1537, na uthibitisho wa Galileo ulichapishwa mwaka 1638. Mafundi hawakuwasubiri.

Watengenezee wanafunzi kijitrebushe cha ubao. Kidole kiwe msumari uliokatwa kichwa. Waukunje kidogo kidogo kwa koleo, na kila mara wapime jiwe limeangukia wapi, waandike. Jiwe lenyewe liwe udongo uliofinyangwa. Na wasimame pembeni wote, wewe pia: msumari ukinyooka mno, pete huchomoka kabla ya wakati na jiwe hurudi nyuma.

Nisalimie dada na watoto.

Shemeji yako