Na Mwandishi Wetu

Wadau, Jumapili mama kanipigia: "Mwanangu, habari ya maji nimeiona kwenye tovuti yenu. Mbona jina lako halipo?" Kweli bwana, imeandikwa Na Mwandishi Wetu. Wiki mbili nimezunguka Mbagala na madumu kwa ajili ya habari ile!

Nikajua mhariri kanibania. Kumbe aliyenibania ni mimi. Stailishiti ya XSLT ya tovuti niliiandika mwenyewe (ukijua kompyuta kidogo kwenye chumba cha habari, umekwisha). Katika templeti niliweka xsl:param iitwayo mwandishi, na thamani yake ya akiba ni 'Mwandishi Wetu', itumike pale tu jina lisipoletwa. Jina nililileta kwa xsl:with-param, ila niliandika Mwandishi, kwa M kubwa. XSLT 1.0, ya mwaka 1999, ikiletewa parameta isiyoijua haigombi, inaitupa kimya kimya. Toleo la 2.0 la 2007 lingenigomea palepale kwenye xsl:call-template.

Nikarekebisha. Jana mwenzangu wa michezo kaja juu: habari yake imeandikwa "Na", basi. Sehemu ya jina ilikuwa tupu, na kwa XSLT utupu ulioletwa nao ni thamani, hivyo ile ya akiba haiingii. Ikabidi niongeze xsl:choose ipime kwanza kama kuna herufi.

Mama nimemwambia afungue tena ukurasa. Anasema bando limekwisha.