Thumuni ya Wakia

Avuaye akiwa ukingoni hana dau la kumfikisha samaki alipo. Hana budi kumngoja aje, au kukirusha chambo hadi mlangoni pake. Kwa hiyo hesabu yake ya kwanza si ya rangi wala ya ukubwa wa ndoana, bali ni ya uzito. Chambo kizito mno hupiga maji kama jiwe na kuzama matopeni kabla samaki hajageuza jicho. Chepesi mno hupeperushwa na upepo na kuanguka karibu na miguu ya aliyekirusha. Katika maziwa ya Portage, kusini mwa mji wa Akron, jimbo la Ohio, ambako huvua pamoja na mwanangu, uzito unaotufaa aghalabu ni sehemu moja ya nane ya wakia. Kwa kipimo hicho Kiswahili kina neno lake tayari: thumuni.

Watanzania wa makamo wataikumbuka thumuni kama sarafu ya senti 50. Asili yake, hata hivyo, ni moja ya nane, kama robo ilivyo moja ya nne. Wakia nayo tuliiachia masonara na wauza manukato, na ratili, yenye wakia 16, ikabaki katika kamusi na katika vinywa vya bibi zetu. Shule zilitufunza gramu na kilo, na zilifanya vyema. Lakini Wamarekani hawakuhama. Dukani machubwi yamepangwa kwa wakia na mishipi imeandikwa nguvu zake kwa ratili. Hata rekodi ya dunia ya samaki tumtafutaye ni ratili 22 na wakia 4, aliyevuliwa Georgia mwaka 1932 na George Perry. Mwaka 2009 Manabu Kurita alivua katika Ziwa Biwa, Japani, samaki aliyempita huyo kwa chini ya wakia moja, na kwa kuwa kanuni zinadai tofauti kubwa zaidi ya hiyo, wawili hao wamehesabiwa sawa. Kwa mara ya kwanza maishani nikajikuta mahali ambapo maneno ya bibi yangu yanafanya kazi dukani kila Jumamosi.

Mwanangu ana umri wa miaka 11 na amezaliwa hapa. Kiswahili chake kilikuwa cha mezani na cha kukanywa: kula, nawa, acha, njoo, lala. Lugha ya mtoto wa ughaibuni haifi kwa kukosa vitabu. Vitabu ninavyo rafu nzima. Hufa kwa kukosa kazi. Nilipoona amevutiwa na uvuvi niliweka sharti moja: ukingoni pale kila kifaa kitaitwa kwa Kiswahili, na asiyelijua jina atalitafuta. Sharti hilo lilinibana mimi kuliko yeye. Ndoana, chambo na mshipi nilikuwa navyo, lakini hapo maarifa yangu yakaishia, maana nimekulia mjini. Ikabidi tumpigie simu mjomba wangu wa Kilwa Kivinje, ambaye alivua kwa mshipi tangu ujana wake hadi magoti yalipomkataza kupanda ngalawa.

Swali la kwanza lilikuwa la jina la samaki mwenyewe. Kwa Kiingereza huitwa bass, na ukilitohoa jina hilo kwa kanuni zetu unapata “basi”, neno ambalo tayari limebeba abiria na pia limebeba maana ya kukoma. Hebu fikiria mtoto anapaza sauti kwamba amenasa basi! Na si mgeni Afrika Mashariki: aliingizwa Ziwa Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya burudani ya wavuvi wa ndoana. Mwanangu alimweleza babu yake tabia za samaki huyo kadiri alivyoweza: mdomo mkubwa, hujificha penye kivuli cha magogo na mayungiyungi, hafukuzi mbali, humvizia apitaye na kummeza mzima. Mjomba akacheka. “Huyo ni chewa, mjukuu wangu,” akasema. “Chewa wa maji baridi.” Kwa ukoo wa kibayolojia hawako karibu, lakini kwa mwenendo mjomba amelenga penyewe, na tangu siku hiyo jina limekaa. Swali lake yeye lilitushinda sote wawili kulijibu bila kutabasamu: maji ya huko hupwa saa ngapi?

Maji ya hapa hayapwi wala hayajai. Kinachomleta chewa huyu ukingoni ni joto. Maji yakifika nyuzi 15 hivi za Selsiasi katika majira ya kuchipua, dume hufagia kiota katika kina kifupi, na mayai yakishatagwa huyalinda mwenyewe. Sisi huyapita maeneo hayo bila kurusha, ingawa wengine hawafanyi hivyo. Wakati wa kiangazi hukaribia alfajiri na jioni. Wengi wanaonunua mashua hupita juu ya samaki walewale ambao mtu mwenye viatu vya mpira angewafikia kwa hatua kumi.

Chambo chetu ni mnyoo wa plastiki laini, na hapa Akron mnyoo huo uko nyumbani. Mwaka 1949 Nick Creme, fundi mitambo wa mji huu, alimimina plastiki katika kalibu yenye umbo la nyungunyungu, akapata chambo kisichooza wala kutoroka. Siri yake imo mdomoni mwa samaki. Chewa wetu haumi kama mbwa. Hufungua kinywa ghafla, na maji yanayoingia kwa kasi huvuta chambo pamoja nayo. Akikuta ugumu wa mti au chuma hutema papo hapo. Akikuta ulaini hukawia kidogo, na uvuvi wote wa namna hii umo ndani ya huko kukawia.

Namna ya kuuvika mnyoo ndoana ndiyo inayobishaniwa zaidi na wavuvi, na mimi nina upande wangu. Penye magugu na magogo tumia mfungo wa Texas. Ncha ya ndoana huchomwa puani mwa mnyoo kiasi cha nusu inchi na kutokezwa ubavuni; mnyoo husukumwa mpaka karibu na jicho la ndoana; kisha ndoana hugeuzwa na ncha yake kuzikwa tena mwilini, ikalala humo kama upanga alani. Chubwi lenye umbo la risasi ya bunduki hutangulia mbele ya mnyoo likiteleza juu ya mshipi. Kwa kuwa ncha imefichwa, mnyoo hupenya magugu bila kunasa. Gharama yake ni kwamba samaki akishika, mkono lazima uvute kwa nguvu ili ncha itoboe plastiki kwanza, ndipo iufikie mdomo. Mtoto huchelewa hapo. Wangu alichelewa majira mazima.

Penye maji matulivu na chini pasafi, hasa pembeni mwa gati, ninapenda zaidi ndoana ichomwe katikati ya mnyoo, bila chubwi lolote. Mnyoo hujikunja na kushuka taratibu, ncha zote mbili zikitetemeka kama mikono ya mtu anayetafuta swichi gizani. Kwa Kiingereza mfungo huu una jina la kichekesho. Sisi tumeuita mfungo wa mizani, kwa sababu mnyoo unaning'inia kama mtambo wa mizani ya sokoni, na kwa sababu nyingine ambayo wasomaji wa hapa wataiona punde. Ukivalishwa kipete cha mpira kiunoni na ndoana ikapitishwa chini ya kipete, mnyoo haukatiki upesi. Uko pia mfungo wa Carolina, ambao chubwi lake hukaa mbali na chambo, lakini huo unafaa zaidi kwa mwenye mashua anayepekua eneo pana. Kutoka ukingoni tunavuta chambo kutoka kina kirefu kuja kifupi, kama mtu anayepandisha kilima, na chubwi lililojitenga hujipenyeza kila ufa wa mawe njiani.

Mengine nitayapitia haraka. Fimbo ya futi 7 yenye ugumu wa kati hutosha. Mshipi wa florokaboni wa ratili 10 au 12 hauonekani sana majini nao huzama. Wa kusukwa ni imara zaidi magugumaji yanapokuwa mazito. Maji yakiwa maangavu chagua rangi ya kijani iliyofifia kama ganda la boga bichi, yakiwa na tope chagua nyeusi au buluu ya giza. Chubwi la tangsteni ni ghali kuliko la risasi, lakini ni dogo kwa uzito uleule, hukujulisha vyema zaidi umbile la chini, na halina sumu kwa ndege. Mjomba alipoelezwa bei yake alinyamaza kwa muda, kisha akauliza kama kwetu huko mawe yamekwisha.

Sasa nirudi kwenye hesabu. Mnyoo ukishagusa maji usiuvute. Samaki wengi hushika chambo kingali kinashuka, na mvuvi hujua tu kwa kuutazama mshipi: umeruka kidogo, au umeanza kwenda kando bila sababu. Ili kujua kina, huhesabiwa tangu chambo kinapoingia majini hadi mshipi unapolegea. Mwanangu alianza kuhesabu kwa Kiingereza, kisha akanung'unika kwamba hesabu yake haifanani na yangu. Nilimwambia ahesabu kwa Kiswahili, kwa ajili ya sharti tu. Ni yeye aliyesikia jambo ambalo mimi, niliyeandika mashairi kwa zaidi ya miaka 20, sikuwa nimewahi kulisikia. “Baba,” alisema, “zote ziko sawa.”

Zihesabu mwenyewe, ndugu msomaji. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane, tisa, kumi: kila moja ina mizani mbili, hata nne, ambayo n yake ya kwanza husimama peke yake. Kwa Kiingereza saba huvunja mwendo, kwani ina mizani mbili katikati ya wenzake wenye moja. Zetu hazivunji. Mtoto akihesabu hadi nne ametamka mizani nane, yaani ukwapi mzima. Akifika nane amekamilisha na utao, mizani kumi na sita, mshororo kamili wa shairi. Pale gatini petu mnyoo usio na chubwi hufika chini anapotamka nane. Wenye thumuni ya wakia hutua kwenye nne. Sidai kwamba waliounda bahari za ushairi walikuwa na ziwa la Ohio akilini. Nasema tu kwamba nimekaa ukingoni jioni nyingi nikimsikia mwanangu akitamka nusu ya mshororo kwa kila mrusho, bila kufundishwa, na chewa mmoja wa ratili tatu alishika kwenye saba.

Nilimtumia mjomba rekodi ya sauti ya hesabu hiyo. Alijibu siku ya pili. Alisema kwamba wao walipovua chewa kwenye miamba walihesabu pima za mshipi zilizopita mkononi, na mzee wake hakuwa akitaja namba hata moja, alikuwa akiimba. Sasa, alisema, wanawe wote wako Dar es Salaam na hakuna wa kumwuliza habari za mshipi isipokuwa huyo wa Marekani. Alitaka kujua Jumamosi tutakwenda saa ngapi, ili awe macho. Saa kumi na mbili ya asubuhi yetu ni adhuhuri kwake, lakini husisitiza kuulizwa.

Limebaki suala moja la sarufi, nami naliweka mbele yenu kwa sababu nyumbani kwangu halijaamuliwa. Mnyoo wa plastiki ni “huyu” au ni “huu”? Mimi nimeuandika hapa kwa “huu”, maana hauna uhai. Mwanangu hakubali. Kwake mnyoo anayeshuka vizuri ni “huyu”, kama vile mwanasesere alivyo “huyu”. Anatetemeka, anavizia, anamdanganya chewa. Nimemuuliza mpaka lini. Hakujibu kwa kanuni. Mnyoo mmoja ulikuwa umechanika kiunoni baada ya mirusho mingi, akauchomoa kwenye ndoana, akautia katika kopo tunalobebea vipande vilivyochakaa, kwa kuwa ukibaki ziwani hauozi na kobe au samaki huweza kuumeza.

“Huu umekwisha,” akasema. “Nipe yule mweusi.”