Madalali wa Temeke Niliowajua

Nilipokuwa mdogo Tandika, dalali wa nyumba alikuwa mtu mmoja, na kazi yake ilikuwa ya jioni. Mchana alishona nguo. Baada ya alasiri ungemkuta kijiweni kwa muuza kahawa, na mwenye shida ya chumba au kiwanja alimfuata hapohapo. Swali lake la kwanza halikuwa bei. "Wewe mtoto wa nani? Sasa hivi unakaa kwa nani?" Asiporidhika na jibu, siku hiyo hakuna cha kuonyeshwa.

Hiyo ni miaka ya mwanzoni ya 1990. Katikati ya jiji la Dar es Salaam dalali hakuwa na kazi kubwa. Majumba mengi ya Uhindini yalitaifishwa kwa sheria ya 1971 yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, kisha 1990 yakaingia Shirika la Nyumba la Taifa; kupata flati huko ilitaka barua na mtu anayekufahamu ofisini. Udalali uliishi uswahilini. Mauziano yaliandikwa kwenye karatasi ya daftari mbele ya mjumbe wa nyumba kumi, na majirani wa pande nne wakaitwa waweke saini au dole gumba. Ulinzi wenyewe ulikuwa hao majirani. Kiwanja chenye ugomvi wa mirathi hakikufichika, maana shangazi wa marehemu angetoka jikoni na upawa mkononi kuja kuuliza kuna nini. Na dalali akikuuzia chenye kesi, kesho alfajiri atapita mbele ya mlango wako akienda msikitini. Atakusalimia vipi?

Sitaki kumpamba, lakini. Mzee yule alijua ukoo wa kila kiwanja, ila ramani ya mipango miji hakuwa na habari nayo. Kama eneo ni njia ya maji au hifadhi ya barabara, yeye na majirani zake wanne wote hawakujua. Watu walionunua kwa mashahidi kamili waliona nyumba zao za bonde la Msimbazi zikibomolewa mwishoni mwa 2015, na 2017 ikawa zamu ya waliokuwa kando ya Barabara ya Morogoro, kule Kimara. Ile X nyekundu ukutani haiulizi nani alishuhudia.

Mambo yaligeuka mji ulipotanuka. Zilikuja sheria mbili za ardhi za 1999, kisha mradi wa viwanja 20,000, na majina kama Mbweni, Kibada na Toangoma yakaanza kutajwa na watu wenye hati mikononi. Mashamba ya mikorosho ya Chanika na Kigamboni yakakatwa vipande. Mnunuzi sasa hakuwa mtoto wa mtaa. Huyu yuko Mwanza, yule yuko Muscat, anatuma hela na kungoja picha. Jirani wa kumuuliza hayupo, kwa kuwa naye alinunua juzi na bado hajajenga. Kiwanja kimoja kikauzwa kwa watu wawili, wakakutana siku ya kumwaga msingi. Ndipo yakaenea yale maandishi ya rangi kwenye kuta za Dar es Salaam: NYUMBA HII HAIUZWI, OGOPA MATAPELI. Mtu amelala ndani ya nyumba yake, lakini inambidi aitangazie barabara nzima kuwa hajaiuza.

Kisha simu ikawa ndiyo kijiwe. Nyumba ileile utaiona kwa madalali wanne, kwa bei nne, na wengine hawajawahi kuikanyaga. Picha wamepewa na dalali mwenzao. Tofauti ya bei ni cha juu, kila mmoja ameongeza chake. Na siku hizi unalipia hata kuonyeshwa, upende usipende.

Mama alipofariki, mimi na mdogo wangu tuliamua kuuza nyumba ya Tandika. Wakaja vijana, wanaongea vizuri, wananukia. Karibu wote swali lao lilikuwa moja: "Dada, mnataka shilingi ngapi mkononi?" Maana yake inayozidi ni yao, na mnunuzi msionane naye. Mmoja tu aliuliza mengine. Aliketi, akatupa pole ya msiba, akasema, "Usimamizi wa mirathi umeshatoka, dada zangu?"

Tukamwambia bado uko Mahakama ya Mwanzo.

"Basi ukitoka mnipigie. Nikileta mteja leo nitakuwa namdanganya."

Mdogo wangu aliona ni maringo. Mimi nilihifadhi namba.

Barua ya usimamizi ilipotoka tulimwita. Tuliandikiana asilimia yake kabla hajaleta mtu, na alioleta walikaa nasi sebuleni. Aligundua mapema kuwa kodi ya pango la ardhi ilikuwa na malimbikizo tangu enzi za mama, tukayalipa. Alitutahadharisha kuwa TRA watadai kodi ya faida ya mauzo kabla hati haijabadilishwa jina, ili tuipigie hesabu kwenye bei. Wakili wa mnunuzi alipotaka kufanya upekuzi ofisi ya ardhi, yeye ndiye aliyemhimiza aende. Hayo aliyafanya kwa hiari yake. Mthamini na wakili kila mmoja ana sheria na daftari la usajili. Dalali wa mtaani, kwa miaka yote niliyomfahamu, hajawahi kudaiwa mtihani wowote. Kwa hiyo kumpima ni kazi yako wewe mwenye hela au mwenye nyumba.

Huyu kijana haishi Tandika, na wala hanywi kahawa. Kwa maoni yangu anamshinda mzee wetu, kwa sababu aliuliza ya ukoo na ya makaratasi pia.

Nawe unayetafuta nyumba, kabla ya bei muulize dalali wako utamwona lini mwenye mali. Akianza kukueleza kwa nini haiwezekani, mpe nauli yake muagane.