Marais 47, Watu 45

Nataka kueleza habari ya alama moja ambayo bweni letu lilipata muhula uliopita.

Wenzangu wa kidato cha sita wanajua ya kuwa napenda mno habari za marais wa Marekani na makamu wao. Hunicheka, "Mtoto wa Mbale, huko Marekani una shamba?" Ugonjwa huu ulinipata kwa kitabu kikuukuu cha maktaba, kisicho na jalada, nilimosoma habari za Calvin Coolidge. Alikuwa makamu wa rais. Usiku mmoja wa Agosti 1923 alikuwa amelala nyumbani kwa baba yake, kijijini Vermont, ikaja habari kwamba Rais Harding amefariki. Nyumba ile haikuwa na umeme. Basi saa nane ya usiku ikiwa imepita, kwa mwanga wa taa ya mafuta, mzee yule, aliyekuwa na ruhusa ya serikali ya kuapisha watu, akamwapisha mwanawe mwenyewe kuwa rais. Kisha Coolidge akarudi kulala! Nami nilikuwa nikisoma kwa taa ya mafuta, maana umeme wetu ulikuwa umekatika, nikacheka peke yangu hata mwenzangu wa kitanda cha juu akaamka.

Tangu hapo nilitafuta kila habari ya makamu. John Adams, wa kwanza kabisa, alimwandikia mkewe kulalamika kwamba hakuna cheo kisicho na maana kama chake. Harry Truman alikuwa makamu kwa siku 82 tu mwaka 1945, na mpango wa bomu la atomiki hakuelezwa sawasawa mpaka Roosevelt alipokufa. John Tyler ndiye aliyenipendeza zaidi. Mwaka 1841 rais wake, Harrison, alikufa baada ya mwezi mmoja, na watu wakasema Tyler ni kaimu tu. Akakataa katakata, barua zilizoandikwa kwa jina la kaimu alizirudisha bila kuzifungua. (Alimiliki watumwa, na kwa hilo simsifu hata kidogo.)

Habari hizi zote nilimsimulia rafiki yangu wa bweni la jirani, tukienda kuchota maji. Yeye alizishika upesi kuliko mimi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Katika mashindano ya maswali, bweni lake na letu tulikutana siku ya mwisho, tukawa sawa kwa alama hadi swali la mwisho. Mwamuzi akauliza: "Ni watu wangapi wamepata kuwa rais wa Marekani mpaka leo?" Zamu ilikuwa yao. Rafiki yangu akasimama, akajibu, "45." Mwamuzi akatazama karatasi yake, akasema, "Sivyo," akatugeukia sisi.

Msomaji, jibu lile lilikuwa sahihi. Grover Cleveland alitawala toka 1885 hata 1889, akashindwa, akarudi 1893, na kwa hiyo huhesabiwa mara mbili, wa 22 na wa 24. Donald Trump naye ni wa 45, akarudi Januari 2025 akawa wa 47. Hesabu ni 47, lakini watu ni 45. Mimi ndiye niliyemfundisha hayo. Nikaelewa mara moja kilichoandikwa katika karatasi ile. Nikasimama, nikasema, "47."

Makofi yakapigwa. Tukapewa mbuzi. Rafiki yangu hakubisha. Alinitazama tu, kisha akaanza kupanga viti.

Majuma mawili hatukuchota maji pamoja. Nikamkumbuka Andrew Johnson, ambaye mwaka 1868 alishtakiwa mbele ya Baraza la Senati, akaokoka kwa kura moja tu. Mwaka 1875 alirudi katika baraza lile lile, sasa yeye mwenyewe ni seneta, akakaa pamoja na baadhi ya watu waliotaka aondolewe. Nilijiuliza walisalimianaje asubuhi ile.

Mwishowe nilimwendea mwalimu wa mashindano nikamweleza. Akafikiri kidogo, akasema mbuzi amekwisha liwa, lakini gazeti bado halijapigwa chapa. Jioni nikamwambia rafiki yangu kwamba nitaandika. Alinyamaza kitambo, akauliza, "Na Ford utamtia?"

Ford ndiye ampendaye. Makamu Agnew alijiuzulu Oktoba 1973, Nixon akamteua Gerald Ford, baraza likamkubali. Agosti 1974 Nixon naye akajiuzulu, Ford akawa rais. Ni yeye peke yake aliyekuwa makamu, kisha rais, pasipo kupigiwa kura ya wananchi kwa cheo chochote katika hivyo viwili.

Basi, ndugu yangu, nimemtia.