Subira Barabarani: Udereva wa Kujihami Ujerumani na Dar es Salaam

Udereva wa kujihami ni namna ya kuendesha ambayo dereva huchukulia kwamba wenzake wanaweza kukosea wakati wowote, hivyo hujiwekea nafasi na muda wa kutosha kuyaepuka makosa hayo kabla hayajawa ajali. Subira ni sehemu ya ufundi huo, ingawa Watanzania wanaoishi Ujerumani husikika wakiizungumza kana kwamba ni tabia ya kuzaliwa nayo: Wajerumani ni watulivu, watu wa Dar es Salaam wana haraka. Maelezo hayo hayatoshi.

Nchini Ujerumani utulivu huo umejengwa kwa kanuni. Kanuni ya nusu ya mwendo, inayofundishwa katika shule za udereva, humtaka dereva aache mbele yake mita zisizopungua nusu ya kilomita zinazosomeka kwenye spidomita, yaani mita 50 kwa anayekwenda kilomita 100 kwa saa, mwendo ambao gari hukata takriban mita 28 kila sekunde. Na anayemsogelea mno aliye mbele huweza kutozwa faini na kuandikiwa alama katika daftari la makosa ya madereva lililoko mjini Flensburg, ambako alama 8 humwondolea mtu leseni. Njia mbili zinapobanwa kuwa moja, sheria huagiza magari yaende hadi mwisho wa njia inayokoma, kisha yaingie moja moja kwa zamu, kama meno ya zipu. Mgeni kutoka Dar es Salaam huweza kudhani kwamba anayeingia mwishoni amechomekea, kumbe ndivyo inavyotakiwa. Anayempisha mwenzake anajua kwamba naye atapishwa.

Katika Barabara ya Morogoro au ya Mandela, saa za jioni, uhakika huo haupo. Nafasi iliyoachwa mbele ya gari hujazwa mara moja na bajaji au daladala. Anayetanua, yaani anayeiacha foleni na kupita pembezoni au upande wa magari yanayokuja, mara nyingi hufanikiwa. Na kwenye makutano ambako trafiki huongoza magari kwa mkono huku taa zikiendelea kuwaka, dereva hana namna ya kukadiria zamu yake itafika lini. Gari la wagonjwa likipita, hufuatwa nyuma na msururu wa wajanja, ilhali sheria ya Ujerumani hutaka magari yaliyo kwenye foleni ya barabara kuu yaache upenyo katikati hata kabla king'ora hakijasikika. Anayekosa subira katika mazingira hayo amefundishwa na anayoyaona.

Hata hivyo, kwa mwenye gari binafsi haraka hiyo hailipi. Kila gari linalochomekea humchelewesha aliyeachia nafasi kwa sekunde 2 hivi, kwa hiyo hata yakimwingilia 10 hajapoteza nusu dakika, wakati kugongana kidogo tu huweza kuwasimamisha wote wawili hadi trafiki aje kupima. Mtu wa ughaibuni anayerudi likizo asitarajie mita zake ziheshimiwe; zikijazwa, apunguze mwendo taratibu aziache tena, na atazame vioo vyote viwili kabla ya kukata kona, kwa kuwa bodaboda hupita kushoto na kulia.

Kwa dereva wa daladala hali ni nyingine. Yeye hutakiwa kumpelekea mwenye gari hesabu, yaani kiasi cha fedha kilichopangwa kwa siku, na kinachobaki baada ya mafuta ndicho chake na cha kondakta, hivyo kila dakika ya foleni hutoka mfukoni mwake, ilhali dereva wa basi mjini Berlin hulipwa mshahara hata akikwama saa nzima. Mabango na semina za usalama barabarani haziwezi kuushinda mpango huo wa malipo. Watanzania wa ughaibuni walionunua daladala au bajaji nyumbani wanaweza kuubadili kwenye vyombo vyao wenyewe: wamlipe dereva mshahara, na wasimpigie simu usiku kudai hesabu iliyopungua.