Kusi Ilianza Lini?

Kwa miaka 11 nilifundisha jiografia Tanga, na kila mwaka niliandika ubaoni maneno yaleyale: kaskazi huvuma Novemba hadi Machi, kusi huvuma Aprili hadi Septemba, pepo hizi hazibadiliki. Niliyaamini kwa dhati. Babu yangu mzaa mama alikuwa nahodha wa jahazi. Alipanda Lamu kwa kusi na kurudi kwa kaskazi, na kalenda yake ilikuwa upepo.

Siku moja mtoto wa mvuvi akanyoosha mkono. "Mwalimu, kusi ilianza lini?"

"Tangu dunia iumbwe, mwanangu. Keti."

Akaketi. Swali halikuketi naye.

Nilipopata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili ng'ambo, nilikabidhiwa vijifuko vya tope. Lilitoka chini ya bahari, pwani ya Oman, mahali ambapo meli ya utafiti JOIDES Resolution ilitoboa sakafu ya bahari mwaka 1987. Nikajiuliza tope la Waarabu linanihusu nini. Kumbe upepo ni uleule. Kusi inayotupiga Tanga huvuka ikweta, hupinda kufuata pwani ya Somalia, kisha huelekea Oman na India ikibeba mvua. Ikipita pale husukuma maji ya juu mbali na ufuko, na maji baridi yenye rutuba hupanda kutoka kilindini kuziba nafasi.

Kazi yangu ilikuwa ya mkono na ya jicho. Nachukua kijiko cha tope la kijivu, naliosha juu ya chekeche ambayo matundu yake hayafiki sehemu moja ya kumi ya milimita. Maji yanatoka machafu, yanatoka machafu tena, halafu yanakuwa safi, na juu ya chekeche inabaki chenga nyeupe kama chumvi. Chini ya hadubini chenga hizo ni makombe. Kila kombe lilikuwa nyumba ya foraminifera, kiumbe wa seli moja. Nilikuwa nikimtafuta mmoja, Globigerina bulloides: vyumba vinne vya mviringo vilivyoshikana kama mapovu, na mlango mpana. Namgusa kwa ncha ya brashi iliyolowa, namweka pembeni, nahesabu. Kiumbe huyu kwa kawaida ni wa bahari za baridi. Akijaa katika bahari ya joto kama ile, ujue maji ya kilindini yalipanda kwa wingi, yaani kusi ilivuma kwa nguvu.

Umri wa tabaka tuliupata kwa kupima kaboni 14 ndani ya makombe hayohayo.

Katika matabaka ya juu walikuwa wachache. Nilivyozidi kushuka waliongezeka, na kwenye matabaka ya miaka 9,000 hivi iliyopita walijaa sahani. Niliweka brashi chini nikatoka nje. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu kwamba kusi ya wakati ule haikuwa kusi ya babu yangu.

Sababu yake inajulikana. Mhimili wa dunia huyumba polepole kama pia, na mzunguko wa majira unaotokana na hilo huchukua miaka 23,000 hivi. Leo dunia huwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari. Miaka 11,000 hivi iliyopita ilikuwa karibu nalo katikati ya mwaka, wakati wa kiangazi cha kaskazini. Bara la Asia likapata joto kali zaidi na kuvuta upepo wa bahari kwa nguvu zaidi. Ndio wakati Sahara ilipokuwa na nyasi na maziwa, na Ziwa Turkana lilisimama juu ya usawa wake wa leo kwa mita zinazokaribia 100.

Wapo wanaosikia haya wakasema: basi hali ya hewa hubadilika tu, ya nini kuhangaika? Hapo nakataa kabisa. Kila badiliko nililolihesabu lina chanzo chake, na mhimili wa dunia hauna haraka. Chanzo cha leo kina haraka: hewa ya ukaa imepanda kutoka sehemu 280 hivi kwa milioni kabla ya viwanda hadi zaidi ya 420, ndani ya miaka isiyofika 300. Katika tope langu muda huo ni unene wa vidole vichache.

Mtoto yule sasa ana ngalawa yake. Nilimpigia simu nikamwambia nilimdanganya bila kujua, nikamweleza habari ya makombe. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na mbele, mwalimu, itakuwaje?" Safari hii sikumwambia aketi. Tulizungumza mpaka salio likaisha.

Walimu wenzangu wa pwani, nawaombeni: futeni yale maneno ya mwisho ubaoni.